Kuweka Nafasi ya Chakula cha Usiku Lamu Mwezi wa Desemba: Tuliyoyapitia Tulipowapokea Wakwe

Desemba ndio mwezi ambao Lamu hubeba watu kupita uwezo wake. Shule zimefungwa, na familia nyingi huweka harusi wakati huo ili jamaa walio Mombasa, Nairobi na Uarabuni wapate kufika pamoja na watoto wao. Upepo wa kaskazi umekwisha kuingia, bahari ya nje inapitika, na wageni kutoka nchi za baridi wanajaa Shela, kijiji cha ufukweni kisiwani humu humu, mpaka mwaka mpya upite. Majiko ya mikahawa, hata hivyo, hayaongezeki. Wapishi ni wale wale waliokuwepo mwezi wa Juni, na meza ni zile zile. Anayetaka kuwalisha watu wengi kwa usiku mmoja katika majira hayo anashindana na watu wasiomjua, na mara nyingi ameshatanguliwa kabla hajaanza kuuliza.

Sisi tulimwoza binti wa kaka yangu kwa kijana wa Tanga. Upande wa bwana harusi ulikuja kwa basi, ukavuka mpaka Lungalunga, ukapita Mombasa, Malindi na Garsen, ukashuka Mokowe na kupanda chombo cha kuvukia. Ni safari inayochosha hata vijana, na wao walikuwa na bibi yao anayetembea kwa mkongojo. Baada ya harusi, kaka yangu alitaka pawe na usiku mmoja ambao hakuna sufuria itakayowekwa jikoni kwetu, wageni wale wakae mahali pazuri wahudumiwe, na wanawake wa nyumba yetu, waliokuwa wamesimama mbele ya moto tangu siku za kuchambua mchele, nao wakae chini wale chakula ambacho hawakukipika. Nililiona jambo hilo kuwa la heshima kubwa na nikalipenda kwa moyo wote. Tulikuwa watu ishirini na wawili, watoto wakiwemo. Kazi ya kutafuta mahali ikaniangukia mimi, shangazi mtu.

Nilianza mapema, mwanzoni mwa Novemba, na kwa hilo siwezi kumlaumu yeyote. Nilipiga simu kwenye mkahawa mmoja wa Shela ambao watu wanausifu kwa samaki wake na kwa upepo wa baharini. Aliyepokea alikuwa mhudumu, mchangamfu, na akanijibu kwamba ishirini na wawili si tatizo, tuje tu. Nikauliza kuhusu arbuni, akanipa namba yake ya simu nitume kwa M-Pesa, nikatuma shilingi 10,000. Kabla pesa haijatoka, simu ilinionyesha jina la atakayepokea, na jina hilo lilikuwa la mtu, si la biashara. Wakati ule halikunishtua, kwa sababu hapa Lamu wafanyabiashara wengi wadogo hupokea malipo kwa majina yao wenyewe. Wiki moja kabla ya harusi nilipiga simu kuthibitisha. Yule mhudumu alikuwa ameshakwenda kwao bara kwa likizo na simu yake imezimwa. Meneja alilifungua daftari la usiku ule, akalisoma lote, na jina letu halikuwemo. Alinisikiliza kwa adabu, lakini meza zote zilikuwa zimeshachukuliwa na wageni wa hoteli za jirani, na hakuwa na pa kututia.

Sikulala usiku ule. Pesa ziliniuma, naam, lakini kilichonikosesha usingizi ni kwamba kaka yangu alikuwa ameshawaambia wakwe zake, na neno likishawafikia watu wa kwao bwana harusi halirudishwi kwa urahisi.

Mpwa wangu aliye Dubai alijitolea kusaidia. Mkahawa mwingine wa Shela ulikuwa na ukurasa wa kuweka nafasi kwenye intaneti, akaujaza akiwa huko huko na kuniletea uthibitisho. Yeye alikulia Lamu, na kwake chakula cha usiku huliwa saa mbili, baada ya sala ya Isha. Akachagua saa mbili. Ukurasa ule ulikuwa unahesabu saa kuanzia usiku wa manane kama wanavyohesabu Wazungu, kwa hiyo nafasi aliyoipata ilikuwa ya saa nane mchana. Tuliligundua hilo nilipokwenda Shela mwenyewe na kuomba nionyeshwe jinsi lilivyoandikwa. Walikuwa tayari kutubadilishia, ila jioni yote ilikuwa imejaa. Tangu hapo, ninapopanga jambo lolote na mkahawa wenye wageni wa nje, sitaji saa peke yake. Nasema “usiku, baada ya Isha, saa mbili yetu, saa 20:00 yenu,” kisha namwomba anayeandika anisomee alichoandika. Hakuna aliyewahi kukasirika kwa kuombwa hivyo.

Mtu aliyenigeuza mawazo hakuwa mwenye mkahawa. Alikuwa nahodha wa mtaboti niliyemfuata gatini kuuliza kukodi chombo cha kutupeleka Shela na kuturudisha kungegharimu kiasi gani. Aliniuliza tarehe, nikamwambia, akahesabu kwa mwezi unaoandama badala ya kalenda ya ukutani. Usiku tuliouchagua ulikuwa wa kumi na sita wa mwezi. “Mama,” akaniambia, “maji ya kwenda mtayapata. Ya kurudi hamtayapata.”

Alikuwa anasema kweli, na kila aliyezaliwa kisiwani anajua, ila katika pilikapilika za harusi hakuna aliyekuwa amelifikiria. Siku zinazofuata mwezi mpevu na zinazofuata mwandamo huwa ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Maji katika mkondo wetu hupanda na kushuka karibu mita tatu. Hujaa alasiri kuelekea magharibi, na kufikia saa nne au saa tano za usiku yameshapwa. Chombo kinaondoka gati la mjini kikiwa kimelingana na ngazi, na kinarudi ngazi zikiwa wazi, zenye utelezi wa mwani, na mtu anapaswa kuzipanda gizani moja baada ya nyingine. Kijana anaziruka. Bibi mwenye mkongojo, aliyesafiri kutoka Tanga, haziwezi, na kumbeba mbele ya vijukuu vyake ni kumvunjia heshima. Nahodha alinieleza kwamba kama ni lazima iwe Shela, basi tuchague usiku wa tarehe nane au ishirini na tatu ya mwezi, wakati wa maji mafu, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa ni ndogo na saa nne za usiku huwa yamejaa. Sisi hatukuweza kusogeza siku, kwa kuwa wageni walikuwa na tiketi za kurudi. Tukaamua chakula kiwe mjini Lamu, umbali wa kutembea kutoka nyumba walimofikia.

Mjini nako kulikuwa na funzo lake. Mikahawa mingi inayopendeza katika mji wa kale iko juu ya mapaa, ambako upepo unapita na mtu anaona mkondo mpaka kisiwa cha Manda. Nilikwenda kwenye mmoja wapo, nikapenda kila kitu, mpaka nilipozihesabu ngazi za kufikia juu. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kwa nafasi ndogo, na ngazi zake ni nyembamba, zenye vidato virefu visivyolingana. Kuanzia siku ile, swali langu la kwanza kwa mwenye mkahawa linahusu miguu ya wageni: wanapanda wapi, wanakaa juu ya nini, choo kiko ghorofa gani. Mambo haya hayaonekani kwenye picha na hayaelezwi kwa simu. Ni lazima mtu aende akaone, na ni vizuri aende na mmoja wa wazee, kwa sababu mzee ataona asiyoyaona kijana.

Tulipompata mama mwenye jiko katika mtaa wa Mkomani, mahali pake palikuwa ni ua wa nyumba ya zamani, chini kabisa, penye mkeka na meza za upande. Nilimpelekea ami yangu ili mazungumzo yawe na uzito. Tulifika alasiri, kati ya saa tisa na saa kumi na moja, ambapo walaji wa mchana wameshaondoka na wa usiku hawajaanza kuja; mtu wa jikoni anayeulizwa jambo wakati mwingine wowote hujibu “ndiyo” ili arudi kwenye moto wake, na hiyo ndiyo “ndiyo” niliyokuwa nimepewa Shela. Tulisalimiana, tukaulizana hali za nyumbani, tukanywa kahawa. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeniuliza tangu nianze kuhangaika: “Watu wako wanakula nini?”

Nilimwambia kwamba wataagiza wakifika. Akatikisa kichwa, akanieleza kwa upole jinsi kazi yake inavyokwenda, na maelezo yake ndiyo ninayotaka wasomaji wayashike kuliko mengine yote. Viti, alisema, anavyo, na vikipungua ataazima kwa jirani. Asichoweza kuazima ni samaki. Samaki wake ananunua asubuhi, sokoni karibu na Ngome au kwa wavuvi anaowajua, na lazima ajue usiku uliotangulia anawapikia wangapi. Desemba hoteli kubwa zinawahi kununua kamba koche na samaki wakubwa, na asiyekuwa na oda mkononi hubakiwa na vilivyosazwa. Nazi zinakunwa kwa mkono. Jiko lake lina meko machache. Watu wanne wakiagiza vyakula vinne, atavitoa kwa saa moja, lakini watu ishirini na wawili wakiagiza kila mmoja chake, wa kwanza atakuwa amemaliza kula na wa mwisho hajaona sahani. Alinionyesha daftari lake, na humo palikuwa na majina ya watu waliowahi kuweka nafasi kwa simu wasitokee. Pembeni ya kila jina ameandika alichonunua siku ile. Sikuwahi kulitazama jambo hili kwa upande wake. Niliona uchungu kwa niaba yake, maana yeye hana friji kubwa ya kuhifadhia, na samaki aliyepakwa nazi hangoji kesho.

Kwa hiyo tulipanga chakula kimoja kwa wote: wali wa nazi, kolekole wa kupaka, pweza wa mchuzi, mboga, mkate wa mofa, na maji ya ukwaju. Kamba koche tuliiacha kwa sababu ya bei. Tuliweka sahani za watoto zisizo na pilipili. Nilimweleza kwamba mmoja wa wageni akila kamba hutoka vipele na kuvimba midomo, na kwamba bibi ana sukari, na yeye akaandika yote mawili. Tukaulizana kuhusu mahali pa kusalia, na kuhusu majirani wa meza. Baadhi ya mikahawa ya wageni huuza pombe, na wazee wetu hawakai mahali inapouzwa, kwa hiyo ni afadhali kuuliza mapema kuliko kuwainua watu vitini. Bei tulikubaliana shilingi 1,500 kwa kila mtu mzima na nusu yake kwa mtoto. Arbuni ilikuwa shilingi 15,000, iliyotosha kununulia samaki, mchele na nazi, na iliyobaki tungelipa baada ya kula.

Namna ya kulipa arbuni ile ilikuwa tofauti na ile ya kwanza. Nilituma nikiwa nimekaa mbele yake, kwa namba ya biashara yake, na tukalisoma pamoja jina lililotokea kabla sijathibitisha. Aliandika kwenye daftari jina langu, jina la kaka yangu, simu zetu mbili, tarehe, saa, idadi ya watu na kiasi kilichopokewa, kisha nikapiga picha ukurasa ule. Tulikubaliana pia, kwa maneno ya wazi, juu ya yale ambayo watu huona haya kuyataja: tukighairi siku tatu kabla atarudisha zote, tukighairi siku yenyewe hatarudisha kitu, na akishindwa yeye, kwa ugonjwa au kwa msiba, atanirudishia zote na kunisaidia kupata mpishi mwingine. Nilipotoka pale nilihisi mzigo umeshuka mabegani. Yeye alikuwa amepata kazi ya kufanya kwa ajili yetu, na pesa ya kuianzia, na sikuwa na wasiwasi tena kwamba angetusahau. Lile jina lililopotea Shela halikuwa na kazi yoyote nyuma yake. Lilikuwa limetajwa tu kwenye simu.

Siku mbili kabla, nilipita kwake kumsalimu, bila kumhoji. Jioni ya kuamkia siku yenyewe nilimpa idadi ya mwisho, ambayo ilikuwa imepungua kwa watu wawili walioamua kuondoka mapema, na kwa kuwa hajaenda sokoni bado, aliipunguza kwenye hesabu bila ugomvi. Nawasihi watu wasione tabu kutoa taarifa ya namna hii. Wengi wetu hunyamaza tukidhani kwamba wawili hawahesabiki, kumbe kwa jiko dogo hao ni samaki mzima na vibaba vya mchele.

Usiku wenyewe haukukosa mtihani. Umeme ulikatika muda mfupi baada ya Magharibi, na mama yule akawasha fanusi alizokuwa ameziweka tayari. Alishanieleza pia kwamba jiko lake ni la makaa na halitegemei stima. Wageni walichelewa karibu nusu saa, kwa sababu watu wa Tanga walikuwa wamesimamishwa njiani na kila waliyekutana naye, wakipewa mkono wa pongezi. Nilimpigia simu mara moja, akasubiri kupakua wali. Bibi aliingia kwa mlango wa uani kwa miguu yake mwenyewe, akakalishwa penye mto, na chakula kikaja kwa wote kwa wakati mmoja. Dada zangu walikula wamekaa. Kwa hilo peke yake, nilikuwa tayari kulipa tena.

Kuhusu zile shilingi 10,000 za mwanzo, nilirudishiwa nusu. Watu kadhaa walinishauri nipeleke ujumbe wa M-Pesa kwa 456 ili muamala urudishwe, lakini njia hiyo imewekwa kwa ajili ya aliyetuma kwa namba asiyoikusudia, na mimi nilituma kwa niliyemkusudia. Kilichosaidia ni ujumbe wenyewe wa muamala, ambao sikuufuta, pamoja na ami, ambaye alikwenda nami kwa mwenye mkahawa bila sauti kupanda. Mwenye mkahawa alikubali kwamba mfanyakazi alipokea pesa akiwa kazini, akatoa nusu palepale na kuahidi nyingine mfanyakazi arudipo. Hiyo nyingine haijafika. Anayetuma arbuni kwa namba ya mfanyakazi basi angalau aombe, saa ile ile, kuzungumza na meneja na kumsikia akilisoma jina lake kutoka daftarini.

Majira mengine yana sharti zake. Kati ya Aprili na Agosti, kusi inapovuma, bahari inachafuka, samaki wanapungua, na baadhi ya hoteli hufunga kabisa Mei na Juni, kwa hiyo anayekuja wakati huo aulize kwanza kama jiko liko wazi, halafu akubali kuagiza kinachopatikana. Ramadhani mikahawa mingi ya mjini haipiki mchana, na usiku wapishi na wahudumu wanafuturu na kwenda tarawehe, kwa hiyo saa ya kuwekea nafasi ni baada ya hapo. Wakati wa Maulidi, hasa siku za mwisho za Mfungo Sita, mji hupokea wageni kutoka pwani yote kwa ajili ya Msikiti wa Riyadha, na tarehe zake husogea nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka katika kalenda ya kawaida. Anayetaka kulisha kundi la watu siku hizo ahesabu mwezi mapema, na azungumze na mwenye jiko kabla hajakata tiketi za basi.